BELL WA KARAMOJA: MWINDAJI ALIYEPIMA RISASI KWA AKILI, SI KWA UZITO

Waswahili tuna msemo kwamba ukubwa wa pua si wingi wa kamasi. Msemo huu niliusikia tangu utotoni mwangu Mombasa, nikiucheka kama watoto wengine. Lakini maana yake niliipata mbali sana na bahari, huko Kapkatet, katika nchi ya chai iliyo baina ya Litein na Sotik, mahali ambapo mvua hunyesha takriban kila alasiri na mtu wa pwani hulala na mablanketi matatu.

Nilikuwa mwalimu huko, kijana bado. Mwaka ulikuwa 1976, na uwindaji ulikuwa haujapigwa marufuku nchini Kenya. Mwenyeji wangu, Mkipsigis mkulima mdogo wa chai, alikuwa na leseni na bunduki yake. Siku moja aliazimia kwenda kumwinda pofu, yule swala mkubwa kuliko wote ambaye wengine humwita mbunju, na ambaye dume lake hufikia uzito wa kilo 700 na zaidi. Akaniomba nifuatane naye, nami nikachukua kisu changu kikali ili, Mungu akijaalia, nimchinje mnyama kabla roho haijatoka, nami nipate kula.

Kabla ya safari mwenyeji wangu aliuliza dukani kama risasi alizokuwa akizitumia kwa swala wadogo zingefaa. Zilikuwa nyepesi, za mwendo wa kasi, na ncha yake ilikuwa laini. Akaambiwa zinafaa kwa mnyama yeyote. Basi tukateremka kwa gari kupitia Sotik na Bomet mpaka nyanda za upande wa Narok. Tulimkuta pofu amesimama ubavu, hatua kama 150 hivi. Mwenyeji wangu akalenga bega, akafyatua. Pofu akayumba, akasimama, kisha akaondoka mbio.

Tulifuata damu mpaka jua likachwa. Asubuhi ya pili tulimkuta korongoni, amekwisha kufa, na fisi wametutangulia. Kisu changu kilibaki alani. Tulipopasua bega tuliona kwamba risasi ilikuwa imevunjika vipande vipande juu ya mfupa, kama chungu kilichoanguka sakafuni. Haikufika moyoni wala mapafuni. Mnyama yule alikuwa amepita usiku mzima katika mateso kwa sababu ya jambo ambalo sisi hatukulijua.

Tuliporudi Kapkatet, mwenyeji wangu alimwonyesha vile vipande jirani yake, mzee wa makamo ya babu, ambaye katika ujana wake aliwabebea bunduki walowezi wa Kizungu. Mzee alivigeuza kiganjani, akatikisa kichwa. Akaniambia mimi mwalimu kwamba hapo zamani alikuwako Mzungu mmoja aliyeangusha ndovu kwa risasi nyembamba kama kidole cha mtoto, ndovu asipige hatua ya pili. Jina lake Bell. Tangu siku hiyo nikaanza kuyatafuta maisha ya mtu huyo, na leo, ndugu msomaji, nakusimulia niliyoyapata.

KIJANA ALIYEKIMBILIA BAHARINI

Walter Dalrymple Maitland Bell alizaliwa mwaka 1880 karibu na mji wa Edinburgh, huko Scotland, katika nyumba ya watu wenye mali. Wazazi wake walifariki angali mdogo, akalelewa na ndugu zake. Shule hakuipenda. Akatoroka, akaingia ubaharia angali mtoto, na katika kichwa chake kulikuwa na neno moja tu: Afrika, na ndovu wake.

Alifika pwani yetu katika ile miaka ya kwanza ya ujenzi wa reli ya Uganda, iliyoanzia Mombasa mwaka 1896. Alikuwa bado hajatimiza miaka 20. Kazi aliyopewa ilikuwa kupiga simba waliowasumbua wajenzi wa reli. Na msomaji wa pwani hahitaji kukumbushwa habari za simba wa Tsavo wa mwaka 1898 ili ajue hatari ya kazi hiyo. Bunduki yake ilikuwa ya kupakia risasi moja moja. Ukikosa, au ukijeruhi, huna ya pili mpaka ufungue, utoe ganda, upakie tena, na simba hangoji. Mtu akijifunza kuwinda kwa bunduki ya namna hiyo hujifunza kwamba risasi ya kwanza ndiyo yenye kazi.

Kutoka hapa akaenda upande wa pili wa dunia, Klondike, katika baridi ya kaskazini ya Kanada, ambako watu walikuwa wakikimbilia dhahabu. Dhahabu hakuipata. Alipata riziki kwa kuwinda na kuuza nyama kwa watu wa mji wa Dawson. Mwenziwe katika biashara hiyo akamdhulumu fedha zote, asibakiwe na kitu ila bunduki. Vita vya Makaburu vilipozuka Afrika Kusini, akajiandikisha katika askari wa farasi wa Kanada, si kwa kupenda vita bali kwa kutafuta njia ya kurudi Afrika. Farasi wake alipigwa risasi chini yake, akatekwa, akatoroka, akafanywa mpelelezi. Vita vilipokwisha mwaka 1902, alikuwa na umri wa miaka 21, na njia ya kwenda kwa ndovu ilikuwa wazi.

MUMIAS NA NJIA YA KARAMOJA

Hapa habari yake inaingia katika historia yetu sisi watu wa pwani. Garimoshi lilikuwa limekwisha kufika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901. Kaskazini ya Kisumu ulikuwako mji wa Mumias, makao ya Nabongo Mumia wa Wawanga, mji ambao misafara ya Waswahili na Waarabu ilikuwa ikitua tangu zamani, na ambao Uislamu uliota mizizi kwa sababu ya misafara hiyo. Waliotoka Mombasa, Pangani na Bagamoyo kufuata pembe waliujua vizuri. Bell aliufanya Mumias kuwa mlango wake, na kwa wafanyabiashara wa Kiswahili alipata habari za nchi ya Karamoja, kaskazini mashariki ya Uganda ya leo, nchi ya wafugaji wenye mikuki na ndovu wenye pembe ndefu ambao walikuwa bado hawajasikia sana mlio wa bunduki.

Alikaa huko safari baada ya safari, kila safari ya miezi mingi, pamoja na wapagazi, punda na ng'ombe. Aliahidi ng'ombe kwa mwenyeji yeyote atakayemfikisha kwenye ndovu madume wa kutosha, na ahadi hiyo aliitimiza. Katika nchi ambayo ng'ombe ni mali, mahari na heshima, habari za ndovu zikawa zinamjia zenyewe. Rafiki yake mkubwa alikuwa Mkaramoja aitwaye Pyjalé, mfuata nyayo hodari, ambaye Bell hakuacha kumtaja kwa heshima mpaka uzeeni. Kwa sababu ya nchi hiyo watu wakamwita Bell wa Karamoja, na jina halikumtoka tena.

Msomaji asidhani kazi ile ilikuwa ya kukaa kivulini. Bell alihesabu kwamba kwa kila ndovu dume aliyempata alitembea wastani wa maili 73, yaani karibu kilomita 117. Katika mwaka mmoja alimaliza jozi 24 za viatu. Faida nayo ilikuwa kubwa: siku moja aliua ndovu tisa, na pembe zao zikampa mamia ya pauni, fedha ambazo wakati ule zingemtosha mtu kununua nyumba nzuri Uingereza.

KWA NINI RISASI NDOGO

Sasa tufike kwenye jambo lililomfanya Bell akumbukwe mpaka leo, na ambalo lilinifanya mimi nimtafute.

Katika siku zake wawindaji wengi wa ndovu waliamini kwamba mnyama mkubwa hutaka risasi kubwa. Walibeba bunduki za mitutu miwili zenye uzito wa kilo 5 au 6, zenye kutupa risasi ya gramu 48, nyingine hata gramu 58. Bunduki hizo zilimpiga mpigaji bega kama teke la punda, na mlio wake ulitawanya kundi zima.

Bell naye alikuwa na bunduki nene ya mitutu miwili, lakini pamoja nayo alitumia bunduki nyembamba, akalinganisha. Akaona kwamba risasi nene ikikosa mahali penyewe ndovu hukimbia, na risasi nyembamba ikipata mahali penyewe ndovu huanguka. Basi uzito peke yake haukuwa jawabu. Jawabu lilikuwa mahali, na uwezo wa risasi kufika mahali hapo.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Bell alichukua kichwa cha ndovu, akakipasua kwa msumeno katikati, toka mbele mpaka nyuma, apate kuona ubongo umekaa wapi. Akaona kwamba fuvu kubwa lile la mbele karibu lote ni mifupa yenye matundu matundu kama sega la nyuki, na kwamba ubongo wenyewe ni mdogo kulingana na kichwa, umejificha nyuma na chini, kwenye usawa wa masikio. Akachora, akakariri. Akajifunza kuuona ubongo ule kwa jicho la akili kutoka kila upande: mbele, ubavuni, hata nyuma kwa mshazari kupitia misuli ya shingo, shabaha ambayo mpaka leo wawindaji huiita kwa jina lake.

Ndipo akachagua chombo. Alichokipenda kilikuwa bunduki ya Mauser iliyotengenezwa na Rigby wa London, ya milimita 7, nyepesi, ya kubeba mwenyewe kutwa nzima bila kuchoka. Risasi yake ilikuwa na gramu 11 na kitu tu, chini ya robo ya zile nene za gramu 48. Lakini ilikuwa ndefu kwa unene wake, kichwa chake cha duara, na risasi yenyewe imevikwa gamba gumu mwili mzima, ncha pia. Ilikuwa ni risasi ya kijeshi ya Kijerumani. Mwendo wake ulikuwa wa kadiri, kama mita 700 kwa sekunde.

Mtu aliyekaa na mafundi wa majahazi atalielewa jambo hili mara moja. Chukua misumari miwili yenye uzito sawa, mmoja mfupi mnene na mwingine mrefu mwembamba, uipige kwenye ubao wa mvule kwa nguvu ileile. Mrefu mwembamba utazama, tena utazama moja kwa moja bila kupinda, kwa sababu uzito wake wote unasukuma nyuma ya ncha ndogo. Risasi ya Bell ilikuwa msumari wa namna hiyo. Haikutanuka, haikuvunjika, haikupotoka njiani. Ilipenya mfupa ule wa sega la nyuki ikafika ubongoni. Ndovu alipiga magoti palepale, na kwa kuwa mlio wa bunduki haukuwa mkubwa, wenzake mara nyingi walisimama wakishangaa.

Na risasi ya ncha laini je? Hiyo kazi yake ni nyingine. Ikiingia mwilini hutanuka kama uyoga, hufanya tundu pana, na kwa mnyama wa ngozi nyembamba na mifupa myepesi hiyo ndiyo rehema, kwa sababu humwua upesi. Lakini ili itende hivyo ni lazima iwe na uzito wa kutosha kuendelea kusukuma baada ya kutanuka. Ikiwa nyepesi mno, na mwendo wake mkali mno, na mbele yake pana bega la mnyama wa kilo 700, hupasuka juujuu. Hilo ndilo lililotupata sisi na yule pofu. Kosa letu halikuwa kuchukua risasi ndogo, maana Bell alichukua ndogo akaua wakubwa zaidi. Kosa letu lilikuwa kuchukua ya namna isiyofaa na kuilenga mahali isipoweza kufika.

Huko Marekani, wanaowinda kulungu mkubwa aitwaye elk, mnyama wa kilo 300 na zaidi, nao wana ubishi huohuo kila msimu: gramu 9 au gramu 13, ngumu au laini, ya kasi au ya pole. Mzozo wa Bell na wenye bunduki nene haujesha mpaka leo. Umehamia bara jingine tu.

Bell hakukwama kwenye bunduki moja. Alitumia ya milimita 6.5 yenye risasi ya gramu 10, akaipenda kwa wepesi wake. Alitumia .303 ya Kiingereza yenye risasi ya gramu 14. Alitumia pia .318 yenye gramu 16, lakini akaiacha kwa kuwa risasi zake hazikuaminika. Nyingine zilichelewa kuwaka. Kwake yeye risasi isiyowaka mara moja ilikuwa mbaya kuliko risasi ndogo, na zile za Kijerumani hazikumwangusha. Zaidi ya ndovu 1,000 waliokufa kwa mkono wake, karibu 800 aliwaua kwa ile ya milimita 7.

JAMBO LINALOTUHUSU SISI WAISLAMU

Msomaji atauliza: habari za Mzungu na ndovu zinatuhusu nini, na ndovu kwetu wafuasi wa Imam Shafi haliwi? Ni kweli, haliwi. Lakini katika misafara ya bara Waislamu walikuwa wengi, nao walihitaji kitoweo kama watu wote, na kitoweo kilikuwa swala, kongoni na pofu. Kwa hiyo suala la risasi lilikuwa suala la sahani.

Katika sheria yetu ya uwindaji, mshale unaotoboa kwa ncha umetengwa na fimbo inayompiga mnyama kwa ubavu ikamwua kwa kumponda. Cha kwanza huliwa. Cha pili ni sawa na mnyama aliyekufa kwa kipigo, halali yake ni kumwahi na kumchinja. Ilipokuja bunduki, wanazuoni wakahitilafiana. Walioiruhusu walitazama kwamba risasi hutoboa na kumwaga damu kama mshale. Waliokataa waliona kwamba ni kipande cha madini kinachoponda kwa nguvu zake, basi hapana budi kumwahi mnyama angali hai. Ndiyo maana wazee wetu wenye tahadhari walikwenda porini na kisu kiunoni, wakisoma Bismillahi kabla ya kufyatua, kisha mbio mpaka kwenye mnyama.

Mimi si mwanachuoni, na msomaji mwenye shaka amwendee sheikh wake. Ninachojua ni kwamba hitilafu ile ya kutoboa na kuponda ndiyo ileile Bell aliyoishughulikia kwa msumeno. Na juu ya hitilafu yote liko jambo lisilobishaniwa: kwamba dini imetuamuru kufanya wema hata katika kuua, kisu kinolewe, mnyama asiteswe. Anayekwenda porini bila kujua risasi yake inafanya nini ni sawa na anayechinja kwa kisu butu.

NDEGE, MASHUA NA KULUNGU WA SCOTLAND

Baada ya Karamoja, Bell aliwinda katika Uhabeshi, Sudan na Kongo, na katika sehemu ya Lado, karibu na Mto Nile, ambako baada ya kufa mfalme Leopold wa Ubelgiji mwaka 1909 utawala ulipokuwa ukibadilishwa wawindaji waliingia kama siafu. Alifika hata Liberia, upande wa magharibi.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, mwindaji huyu akawa rubani. Alipelekwa mpaka huku kwetu kupigana na Wajerumani wa Tanganyika, na inasimuliwa kwamba alipenda kuruka bila mwenziwe, apate nafasi ya kupiga kwa bunduki yake ya kuwindia. Baadaye alipigana pia Ulaya, akatunukiwa nishani ya ushujaa mara mbili. Vita vikamwacha amechoka. Alioa, akaandika kitabu cha safari zake mwaka 1923, akichora picha zake mwenyewe, na mwaka 1949 akaandika cha pili juu ya Karamoja. Katika miaka ya 1930 yeye na mkewe walijengesha mashua ya tanga ya chuma na kushindana nayo baharini.

Siku zake za mwisho aliishi katika milima ya Scotland, akiwinda kulungu wekundu, binamu wa yule elk wa Marekani. Huko akashika bunduki ya ajabu zaidi: risasi yake ilikuwa na gramu 3 tu, lakini mwendo wake wa kasi mno. Kwa mkono wake ilitosha, nao kulungu walianguka.

Lakini angalia jambo hili. Mwaka 1985, zaidi ya miaka 30 baada ya Bell kufa, sheria ya Scotland ilitaka risasi ya kulungu mwekundu isipungue gramu 6.5, tena iwe ya kutanuka. Risasi ya Bell ingekuwa kosa mbele ya sheria katika mlima wake mwenyewe. Vivyo hivyo sheria za uwindaji wa Afrika Mashariki zilikuja kuweka kima cha chini cha unene wa bunduki kwa ndovu na wanyama wengine wa hatari. Je, Bell alikosea? La. Sheria haikutungwa kwa ajili ya Bell. Ilitungwa kwa ajili ya mimi na mwenyeji wangu wa Kapkatet, watu ambao hatukupasua kichwa chochote kwa msumeno, ambao mkono wetu hutetemeka na jicho letu hukosa kidogo, na ambao tukikosa kidogo anayelipa ni mnyama. Risasi nzito kidogo ni dhamana ya asiye fundi. Wengi waliosikia habari za Bell walichukua udogo wa risasi yake, wakauacha ukubwa wa kazi aliyoifanya kabla ya kuipiga.

HESABU YA MWISHO

Bell alifariki mwaka 1954, huko Scotland, baada ya kuponea simba, nyati, Makaburu na Wajerumani. Hesabu yake ya ndovu ilikuwa 1,011, na katika hao majike walikuwa 28 tu.

Mtu akisoma habari zake hupata tabu moyoni, nami siwezi kuificha tabu hiyo. Namsifu kwa kutomtesa mnyama, na papo hapo naiona hesabu ile mbele yangu. Ufundi wake ulimwondolea ndovu mmoja mmoja maumivu, lakini haukumwondolea ndovu kifo. Bali ulikifanya kifo kiwe chepesi na cha faida. Wala sisi watu wa pwani tusijitoe. Njia ya pembe kutoka bara ilikuwa Mumias, Kisumu, kisha garimoshi mpaka Kilindini, na kabla ya garimoshi zilibebwa mabegani mwa watu katika misafara yetu. Kuna nyumba za mawe katika miji yetu ya kale zilizosimama juu ya biashara hiyo.

Bandu bandu huisha gogo. Baada ya kina Bell walikuja wengine wasio na ufundi wala huruma, wenye bunduki za kijeshi za kumimina risasi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwezi wa Mei 1977. Hata hivyo ndovu waliokadiriwa kuwa 167,000 mwaka 1973 walibaki kama 16,000 ilipofika 1989, mwaka ambao Rais Moi alichoma tani 12 za pembe mbele ya macho ya dunia, na mataifa yakakubaliana kuzuia biashara ya pembe.

Nilirudi Kapkatet miaka mingi baadaye kumtembelea mwenyeji wangu. Chai imepanda mpaka kwenye kingo za barabara, na bunduki yake alikuwa ameirudisha serikalini zamani. Yule mzee jirani alikuwa amekwisha kufa. Baada ya chai, mwenyeji wangu aliinuka, akaenda ndani, akarudi na kikopo kidogo cha bati. Ndani yake mlikuwa na vile vipande vya risasi ya mwaka 1976. Alivihifadhi miaka yote hiyo. Hakuniambia kwa nini, nami sikumwuliza.